Stima Ikipotea Dallas

Sisi wa Embu tumepakana na stima na bado tunanunua mishumaa. Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, mabwawa yote hayo yamejipanga kwenye mto Tana upande wetu wa chini, na Gitaru peke yake ina uwezo wa megawati 225. Lakini mvua ikichapa kidogo, mtaa wa Dallas wote giza. Mimi fundi wa kompyuta silalamiki sana, maana stima ikirudi kwa kishindo, wateja nao hurudi.

Wengi huniambia mashine ina virusi. Virusi husingiziwa mengi. Mwalimu mmoja mstaafu aliniletea kompyuta ya mezani, ya mtumba.

"Fundi, intaneti iko, simu inashika vizuri, lakini hii inakataa kila ukurasa. Inasema si salama."

Nikatazama saa pembeni mwa skrini. "Mwalimu, mashine yako inaamini tuko Januari 2009."

"Basi mimi bado sijastaafu!"

Ndani ya kompyuta kuna betri ndogo ya duara, CR2032, ya volti 3. Kazi yake ni kuendesha saa wakati stima haipo, na baada ya miaka kadhaa huisha. Sasa, kila tovuti salama huonyesha cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Mashine iliyokwama 2009 hukiona cheti cha leo kama hakijaanza kutumika, ikagoma. Zima, chomoa waya wa stima, badilisha betri, rekebisha tarehe. Bei yake haifiki sahani ya pilau.

Mwalimu alikuwa pia na laptopu iliyopasuka kioo, akitaka kuiuza kama chuma chakavu. Nilimkatalia. Kwa mitaa yetu, laptopu yenye betri nzima ndiyo seva bora ya nyumbani: stima ikipotea, yenyewe haina habari. Niliweka mfumo endeshi wa Debian, nikaizuia isilale kifuniko kikifungwa, kisha Kiwix, programu ya kusomea Wikipedia nzima bila intaneti. Ya Kiingereza pamoja na picha hula yapata gigabaiti 100. Ya Kiswahili ni ndogo mno. Wajukuu huisoma kwa simu kupitia ruta, bila bando. Nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika chini ya bahari Mei 2024, mtaa ulilalama, wao wakaendelea na kazi ya shule. Ruta nayo ilihitaji betri yake ya volti 12. Bila hiyo seva inabaki hai lakini haifikiki.

Mwanawe aliye Nairobi akataka kuona picha za familia zilizomo kwenye laptopu hiyo. Hapo pana kikwazo: kampuni nyingi za intaneti huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, kwa hiyo anayebisha kutoka nje hajulikani anatafuta nyumba ipi. Tukatumia programu ya Tailscale, ambayo huanzisha njia kutoka ndani ya nyumba kwenda nje. Nakala ya pili ya picha iko kwenye diski ya nje, kabatini.

Kuna hatari moja: betri ya laptopu inayochajiwa mchana na usiku huweza kuvimba. Nimemwagiza mwalimu awe anapapasa chini ya kibodi kila mwisho wa mwezi. Akihisi pameinuka, azime, asiichome wala kuitoboa, aniletee.