Kupiga Picha Usiku wa Diwali

Tarehe 28 Oktoba 2008 Wahindu walisherehekea Diwali, sikukuu ya taa. Kesho yake waasi wa CNDP wakafika pembezoni mwa Goma, mashariki mwa Kongo. Brigedi ya Umoja wa Mataifa katika jimbo hilo la Kivu Kaskazini, yenye wanajeshi wa India, ilikuwa chini ya Bipin Rawat, afisa aliyekuja kuwa mkuu wa majeshi yote ya India. Wagoma wengi wamewajua Wahindi hivyo: sare, magari meupe, hospitali ya kijeshi. Mpiga picha anayetaka kuwaona wakiwa na familia zao atapata mengi akivuka mpaka hadi Kampala, Uganda, ambako Wahindi wa asili ya Gujarat huwasha taa za Diwali milangoni na hekaluni.

Diwali huangukia Oktoba au Novemba, usiku usio na mwezi. Wengi humkumbuka mungu Rama akirejea mjini Ayodhya, na humkaribisha Lakshmi, mungu wa kike wa neema na mali. Taa yenyewe, diya, ni kikombe kidogo cha udongo chenye samli au mafuta na utambi wa pamba. Mlangoni huchorwa rangoli kwa unga wa rangi. Wafanyabiashara wa Kigujarati huombea madaftari mapya ya hesabu, kwa kuwa mwaka wao huanza mara tu baada ya Diwali. Kisha hekaluni hupangwa vyakula tele mbele ya miungu.

Kwanza, zima flashi. Mwali wa diya ni mdogo, na flashi huufuta pamoja na rangi yake ya dhahabu. Anza jua likishazama, mbingu ingali na buluu, na ujiandae mapema, maana karibu na ikweta giza huingia upesi. Kwa kamera, jaribu ISO 1600, tundu la lenzi f/2 na kasi ya 1/60. Mwenye simu aguse mwali kwenye kioo, apunguze mwanga, kisha aegemee ukuta mkono usitikisike. Fataki zinataka kinyume chake: stendi imara, ISO 100 na sekunde kadhaa.

Lakini fataki hufanana kila mahali. Picha yenye uzito iko dukani, pale mzee anapofungua daftari jipya mbele ya wajukuu. Mwaka 1972 Rais Idi Amin aliwafukuza Waasia, wakiwemo Wagujarati, kutoka Uganda. Baadhi walirudi miaka ya 1990 na kurejeshewa mali zao. Kila daftari linaloombewa Kampala leo linabeba habari hiyo.

Huko Zanzibar, mpiga picha Ranchhod Oza, naye mwenye asili ya Gujarat, alifungua Capital Art Studio mwaka 1930. Aliwapiga picha jamaa za Sultani na watu wa mitaani, na mwanawe Rohit akaiendeleza kazi hiyo. Studio yao iliweza hayo kwa sababu ilikaa na watu wake.

Mgeni naye aanze hivyo: avue viatu hekaluni, amwombe kuhani ruhusa kabla ya kuelekeza lenzi kwenye sanamu, aulize majina ya watu na kuyaandika pamoja na tarehe, kisha awapelekee wenyeji picha zao.