Swali la siku: dogo kwa macho, kubwa ndani ya nyumba



Ukurasa huu munaujua. Juu kuko habari za nyumba: mtoto amezaliwa, harusi inakaribia, mzee wa zamani wa kazi ametuacha na matanga iko kwa mtoto wake wa kwanza. Pembeni kuko habari za inchi na bei ya shaba. Katikati, ndani ya kisanduku kidogo, kuko swali la siku. Wengine wanatuambia: "Ile maswali yenu inaleta unga? Mutuandikie habari za kweli!" Leo tunajibu, na tunajibu kwa maswali ya juma moja, siku kwa siku.

Siku ya kwanza. Kwa nini siku ya sita ya juma tunaiita siku ya posho?

Posho ni chakula ambacho kompani ilikuwa inagawia wafanyakazi na jamaa zao. Siku ya kugawa ikachukua jina la kile kilichogawiwa. Ukifika Dar es Salaam ukisema "tutaonana siku ya posho", watakuangalia tu. Wao wanasema Jumamosi. Jibu ni fupi, lakini angalieni inafanya nini nyumbani. Mtoto hajui. Baba anakisia. Kambo, aliyekaa kimya tangu asubuhi, ndiye anajua, kwa sababu mama yake alipanga mustari na kitunga mkononi. Usiku ule kambo ndiye mwalimu, na watoto wanasikia mambo ambayo hayako ndani ya kitabu chao cha masomo.

Siku ya pili. Jina la cobalt linatoka wapi?

Linatoka Ujerumani. Wachimbaji wa kule zamani walikuwa wanakuta mawe mazuri, wanafikiri ndani kuko metali ya bei. Wakiyachoma, hawapati kitu, paka moshi wa sumu, kwa kuwa ndani mulikuwa arsenic. Wakasema ni pepo la chini ya udongo, Kobold, linawachezea. Karibu mwaka 1735, Georg Brandt wa Uswidi alionyesha kwamba ndani ya mawe yale kuko metali mpya. Leo ile jiwe ya pepo ndiyo inatafutwa kwa kutengeneza batri za simu na za motokari. Jiwe halikugeuka. Kilichogeuka ni ujuzi wa watu. Mwenye kujua anatajirika na kile ambacho mwenye kutojua anakitupa.

Siku ya tatu. Barua gani ya mwaka 1939 ilitaja inchi yetu, na dunia ikageuka?

Tarehe 2 Agosti 1939, Albert Einstein alitia sahihi barua kwa Roosevelt, Rais wa Marekani. Ilisema kwamba uranium inaweza kufanya bomu la nguvu sana, na kwamba chanzo kikubwa cha uranium kiko Congo ya Wabelgiji. Chanzo kile ni Shinkolobwe, karibu na Likasi. Uranium ya pale iliingia ndani ya kazi ya bomu lililoanguka Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945. Waliochimba ni watu wa kwetu, na hawakuambiwa wanachimba nini. Januari 2004, amri ya Rais ilifunga Shinkolobwe. Julai ya mwaka ule ule, udongo ulianguka pale na kuua wachimbaji, maana watu walikuwa wanaendelea kuingia. Kwa hiyo swali hili si la mchezo tu. Mtu akikuita kwenda kuchimba mahali, haki yako ya kwanza ni kuuliza: ni shimo gani, limefungwa na nani, na juu ya nini?

Siku ya ine ni siku ya hesabu. Mfuko uko na kilo 50 za mawe. Maji ni 10 kwa mia. Teneur ya shaba ni 3 kwa mia. Ndani ya mfuko kuko kilo ngapi za shaba?

Kwanza toa maji: 10 kwa mia ya 50 ni kilo 5, inabaki 45. Halafu chukua 3 kwa mia ya 45. Jibu: kilo 1,35. Mtoto wa mwaka wa sita wa primaire anaweza kuifanya juu ya kipande cha karatasi.

Sasa fanya tena, lakini mashine ya depo imesema teneur ni 2. Unapata kilo 0,90. Tofauti ni gramu 450 kwa mfuko mmoja. Kwa mifuko 20, ni kilo 9 za shaba zimepotea kati ya namba mbili ambazo zinaonekana kama ndugu. Na kama mtu wa depo akiandika maji ni 20 pahali pa 10, kilo zingine zinatoka bila wewe kuona. Hatusemi kila depo ni ya wizi. Tunasema mwenye kufika pale na hesabu yake mfukoni anaongea tofauti na mwenye kufika na mikono mitupu. Anaweza kusema: "Patron, jana mulisoma tatu, leo mbili, na mawe ni ya shimo moja. Tupime tena." Bei hatutaigeuza sisi, lakini ile ulizo inaweza kurudisha unga nyumbani. Ndilo jibu letu kwa wale wanaouliza juu ya unga.

Siku ya tano ni siku ya habari za inchi. Tarehe 22 Februari 2025, serikali ilikataza nini: kuchimba cobalt, kuuza cobalt, ao kuitoa inje?

Kuitoa inje. Cobalt ilikuwa imejaa mingi ndani ya soko la dunia na bei ilikuwa imeanguka, kwa hiyo inchi ilifunga mulango kwa myezi ine, kisha ikaongeza. Tangu tarehe 16 Oktoba 2025, mulango umefunguliwa kwa kipimo: tani 18.125 kwa mwisho wa mwaka ule, na tani 96.600 kwa mwaka mzima wa 2026, vilevile kwa 2027. Shaba haikuwa ndani ya katazo lile. Lakini munajua namna habari inatembea. Asubuhi ni "cobalt haitoki", saa sita ni "cobalt hainunuliwi", na magaribi ni "hata shaba imefungwa, uza mbio kwa bei yoyote". Mwenye kuuza kwa woga, kuko mwenye kununua kwa kicheko. Maneno matatu, kuchimba, kuuza na kutoa inje, si neno moja, na kuyatenganisha ni chakula.

Siku ya posho tunauliza juu ya code minier, ile sheria ya mashimo iliyogeuzwa tarehe 9 Machi 2018. Kati ya franka 100 za redevance ambayo kompani inalipa, ngapi zinarudi kwa commune, secteur ao chefferie yenye shimo?

Jibu: 15. Serikali ya Kinshasa inachukua 50, provinsi 25, na 10 zinawekwa juu ya vizazi vinavyokuja. Zaidi ya redevance, kompani iko na deni la kutoa 0,3 kwa mia ya mauzo yake kwa maendeleo ya watu wanaokaa karibu na mashimo. Mama mwenye kujua namba 15 anaweza kusimama ndani ya mkutano wa mutaa na kuuliza kwa heshima: "Bakubwa, ile kumi na tano yetu ya mwaka jana ilijenga nini?" Ni ulizo fupi, na hakuna askari anayeweza kulikamata.

Siku ya Mungu gazeti linapumzika, lakini kusoma hakupumziki. Swali la kutafuta jibu polepole: ni kitabu gani cha historia ya Lubumbashi kiliandikwa kwa Kiswahili cha hapa hapa, na watu waliofanya kazi ya boyi ndani ya nyumba za wazungu?

Ni Vocabulaire de ville de Elisabethville, cha mwaka 1965, kilichowekwa kwa karatasi na André Yav. Mwaka 1990 Johannes Fabian alikitoa kwa dunia. Watu wa jikoni, waliofikiriwa hawasikii kitu, walisikia yote na wakayaandika. Basi asikuambie mtu kwamba kuandika ni kazi ya wenye diplome tu.

Kwa hiyo tunaweka swali karibu na tangazo la kilio na bei ya shaba kwa sababu nyumbani pia vitu hivi vinakaa pamoja. Mtu anazika siku moja, anapima mifuko siku inayofuata, na kati ya zote mbili mtoto anamuuliza kitu. Jibu linaweza kusahauliwa. Kinachobaki ni mazoea ya kuuliza: nani amesema, lini, ngapi, na imepimwa namna gani? Mwenye mazoea yale haongopewi kwa urahisi, ikuwe na jirani, na depo, ao na gazeti.

Endeleeni kututumia habari za nyumba zenu: kuzaliwa, masomo, kazi, matanga. Na swali la kesho liko hapa, mulijadili usiku juu ya sahani ya bukari: inchi ya Katanga iliitwa Shaba toka mwaka gani mpaka mwaka gani? Wenye myaka mingi, muache watoto wakisie kwanza.