Dirisha la manjano

Fundi wa rangi amechuchumaa chini ya dirisha, msasa mkononi, anaparuza. Rangi kuukuu inabanduka tabaka kwa tabaka: kijani, chini yake krimu, chini zaidi manjano iliyofifia. Vumbi lake linatua kwenye sakafu ya saruji, jembamba kama unga wa sembe. Mwenye chumba, kijana wa miaka miwili kasoro, analichora kwa kidole. Kidole kikimaliza kuchora kinaingia mdomoni. Mama yake, aliyenialika hapa Kaloleni, Kisumu, nimsaidie kuchagua rangi, anataka manjano kali. Mtoto achangamke, anasema.

Tatizo ni kwamba chumba cha mtoto tunakipamba kwa urefu wa macho yetu. Mambo mazito yako chini, mdomo wa mtoto unapofika, na juu kabisa, ukuta unapokutana na paa.

Tuanze chini. Kwa miaka mingi ile manjano iliyokolea, pamoja na rangi ya chungwa na nyekundu, imetengenezwa kwa kromati ya risasi. Risasi nyingine hutiwa kwenye rangi ya mafuta ili ikauke upesi. Kiswahili kimeipa metali hii jina moja na kile kinachotoka kwenye mtutu wa bunduki, na sioni kosa hapo. Mwilini risasi hujifanya kalsiamu: hupita milango ile ile, ikajificha kwenye meno na mifupa, na hufika hata kwenye ubongo ambao bado unajengwa. Shirika la Afya Duniani linasema mtoto mdogo akimeza risasi, mwili wake hufyonza mara nne hadi tano ya kiasi ambacho mtu mzima angefyonza, na kwamba hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Haileti homa wala upele. Miaka baadaye mwalimu analalamika tu kwamba mtoto hatulii na hashiki anachofundishwa.

Si habari mpya. Mwaka 1904 daktari wa macho wa Brisbane, Australia, J. Lockhart Gibson, aliandika kwamba watoto wa Queensland walikuwa wakipata sumu hiyo kutoka kwenye kuta na vizuizi vya baraza vilivyopakwa rangi. Jua la huko lilikuwa likigeuza rangi kuwa unga, na watoto wakiramba vidole. Jua la Kisumu nalo si haba. Hata hivyo Marekani ilingoja hadi 1978 kupiga marufuku rangi hizo majumbani. Kenya sasa ina kikomo cha sehemu 90 za risasi kwa kila sehemu milioni za rangi, lakini kikomo hicho hakirudi nyuma kubandua kilichopakwa zamani. Ndiyo maana mimi naliogopa vumbi la dirisha kuukuu kuliko kopo jipya. Msasa mkavu ndio mbaya zaidi. Heri kulowesha mbao kwanza, mtoto apelekwe kwa nyanya yake siku hizo, na sakafu ipigwe deki kwa kitambaa chenye maji. Ufagio hulirusha vumbi tu.

Sasa inua macho. Juu ya ukuta huu kuna mwanya wa kupitisha ngumi, ulioachwa ili joto la mabati lipate pa kutokea. Mbu wa malaria akifuata harufu ya aliyelala, hugonga ukuta, hupanda nao, kisha huingia kwa mwanya huo huo. Dirisha hata halihitaji. Kule Gambia watafiti waliziba nyumba kwa wavu, nyingine milango, madirisha na mianya, nyingine dari peke yake. Matokeo yalitoka mwaka 2009: watoto wenye upungufu wa damu, ambao malaria huuleta, walikuwa asilimia 19 katika nyumba zilizoachwa wazi, na asilimia 12 katika zote zilizozibwa, hata zile za dari tu.

Mwaka huo huo ilitoka habari ya karibu zaidi, kutoka mashamba ya mpunga ya Ahero, hapo tu ukishika barabara ya Nairobi. Badala ya wavu, watafiti walitundika dari za mikeka ya mafunjo, yale Wajaluo wanayoyaita togo, yanayoota ufukweni mwa ziwa. Mbu wa malaria waliokutwa ndani walipungua kwa zaidi ya robo tatu. Mkeka hupitisha hewa, unapatikana hapa hapa, na kwa macho yangu unapendeza kuliko ubao wa dari uliopigwa nyeupe. Chandarua kinabaki palepale kitandani, mkeka haukifukuzi.

Mama akapiga hesabu upya. Rangi ya mafuta ikatoka, ya maji ikaingia, manjano ikapoa hadi rangi ya ndizi, na kilichobaki kikawa cha mikeka. Akamuuliza fundi kama ataipigilia.

"Hiyo ni ya fundi wa mbao, mama," akajibu, akaenda kutafuta ndoo ya maji.