Mavazi ya Mashujaa wa Kisioux

Wengi katika sisi tumepata kuiona picha ya shujaa wa Kisioux, mwenyeji wa asili wa Amerika ya Kaskazini, amevaa taji la manyoya ya tai lililomshukia mpaka mgongoni. Vijana wetu hudhani kuwa pambo lile ni la kutishia adui tu. Walakini sivyo. Mavazi yale yalisomwa kama waraka: mwenye kuyajua alimtazama mtu mara moja, akafahamu amefanya nini, na watu wake wamemwamini kwa jambo gani.

Natuanze na shati la vita. Lilishonwa kwa ngozi mbili za paa au za kondoo-mwitu wa milimani, moja mbele na moja nyuma. Aghalabu sehemu ya juu ilipakwa rangi ya buluu na ya chini rangi ya manjano, na juu ya mabega na mikono ikapitishwa mikanda ya nakshi.

Nakshi hiyo ilikuwa kazi ya wanawake. Waliichukua miiba ya nungunungu wa huko, ambayo ni myembamba kuliko ya huyu wetu, wakaitia rangi za mimea, wakailainisha kinywani, wakaibana kwa meno hata ikawa bapa, kisha wakaishona kwa uzi wa kano. Katika karne ya 19 wafanya biashara waliwaletea shanga ndogo za kioo, nyingine kutoka Venice, mji ule ule ambao shanga zake zilifika Unguja na kuchukuliwa bara na misafara.

Kandokando ya mikono ya shati vilining'inia vishungi vya nywele. Watu hudhani zote ni nywele za maadui waliouawa. Nyingine zilikuwa hivyo. Lakini nyingine zilitolewa na jamaa zake mwenyewe, ziwe ukumbusho kwamba amewachukua watu wake mabegani.

Kwa hiyo miongoni mwa Waoglala, ambao ni tawi la Walakota katika taifa hilo, shati la namna hii halikuwa la kila mtu. Wachache walichaguliwa, nao wakausiwa kuwatazama wajane, mayatima na maskini kabla ya nafsi zao. Crazy Horse, mpiganaji mashuhuri kabisa, alivikwa shati hilo. Kisha karibu mwaka 1870 akamchukua mke wa mtu, akavuliwa. Ushujaa wake haukumwombea.

Manyoya ya tai nayo yalitolewa kwa kitendo kilichoshuhudiwa. Kumgusa adui aliye hai kwa mkono au kwa fimbo na kurudi salama kulihesabiwa kuwa ni jambo kubwa kuliko kumwua kwa mbali. Mwenye kuvaa unyoya asioustahili alikuwa amejivika kilemba cha ukoka.

Mwaka 1890 Walakota walikuwa wamekwisha fungiwa katika maeneo waliyotengewa na serikali ya Marekani. Nyati wao wamemalizwa, na njaa imewashika. Ndipo wakashona mashati ya kitambaa cha pamba, wakayachora jua, mwezi, nyota na tai, wakaamini kwamba risasi haitapenya. Ndugu wasomaji wataikumbuka imani ya Maji Maji ya mwaka 1905. Tarehe 29 Desemba 1890, huko Wounded Knee, askari waliwaua watu zaidi ya 200, wakiwamo wanawake na watoto. Risasi zilipenya.

Baada ya mauaji, maiti walivuliwa nguo zao zikawa vitu vya kuuzwa na kutazamwa. Shati mojawapo lilifika jumba la makumbusho la Glasgow, Uskoti, mwaka 1892. Vizazi vya walionusurika walilidai, na mwaka 1999 wakarudishiwa. Halikuwa limemkinga mtu na risasi, lakini kwao lilikuwa ni la ndugu yao.

Leo mataji kama yale huuzwa madukani, watoto wakayachezea, na Wasioux wenyewe huumia kuyaona. Basi mzazi, mwanao akikuonyesha picha ile, mweleze kwamba kila unyoya ulikuwa na shahidi wake, na kila kishungi cha jamaa kilikuwa dhamana.