Barafu ya Mbwa na Hadhari Zake
Mbwa hatoki jasho mwili mzima kama sisi, bali nyayoni tu, na joto lake hulipunguza kwa kuhema ulimi ukiwa nje, hata maji ya mwili wake yakapungua upesi kuliko mwenyewe adhaniavyo. Kwa hiyo mtu wa Musoma amkutaye mlinzi wake saa nane ya mchana akitweta uvunguni mwa gari, au mfugaji wa Butiama ambaye mbwa wake ametoka machungani na ng'ombe, hatendi upuuzi akimgandishia kitu cha kulamba. Wapo watakaocheka, wala siwalaumu, maadamu barafu ni tunu hata kwa watoto.

Lakini shurti tuijue kwanza tabia ya baridi: haisafishi kitu, aghalabu hukihifadhi jinsi kilivyo. Vijidudu vya maji ya ziwa yasiyochemshwa hulala ndani ya barafu wakaamkia tumboni. Sumu ya ukungu iitwayo aflatoksini, ambayo mwaka 2004 iliua watu 125 mashariki mwa Kenya waliokula mahindi yaliyovunda, haiondolewi na friza wala haimalizwi na jiko, na mbwa huwa karibu zaidi na hatari hiyo kwa kuwa karanga na unga tuliovikataa sisi ndivyo tumpavyo yeye. Hata virusi vya distempa, ugonjwa ulioua takriban thuluthi ya simba wa Serengeti mwaka 1994 na ambao wataalamu waliuhusisha na mbwa wa vijijini, hufa upesi katika joto na kudumu katika baridi. Basi watu wa Bunda, walio jirani na hifadhi ile, wamtengee kila mbwa chombo chake, na chanjo isisahauliwe.

Kwetu hakuna kitoweo cha kugandisha kilicho rahisi kuliko dagaa. Twaa konzi mbili za dagaa wakavu wasiotiwa chumvi, uwaloweke, uwaoshe kwa maji matatu hata mchanga wa mwaloni uishe, kisha uwachemshe kwa muda wa dakika 20 bila chumvi wala kitunguu, kwani kitunguu maji na kitunguu thaumu, vibichi au vilivyopikwa, huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa. Supu ikipoa, imimine pamoja na dagaa wachache katika bakuli pana, kina chake kisizidi vidole viwili, ilale ndani ya friza hata asubuhi. Upana huo una maana yake: mbwa atalamba, ilhali kipande kigumu akikitafuna chaweza kumvunja jino, na kidogo chaweza kumkaba koo. Vile vifuko vya nailoni tugandishiavyo barafu za kuuza visitumike kabisa, maana mbwa mlafi humeza barafu na kifuko chake, na kifuko huziba matumbo.

Asiyependa harufu ya samaki nyumbani atumie mtindi usio na sukari, uliopondewa ndizi mbivu au tikitimaji lililotolewa kokwa. Mtindi ni bora kuliko maziwa mabichi, kwa kuwa uchachu umekwisha kula sehemu ya sukari ya maziwa ambayo mbwa wengi wazima hawawezi kuimeng'enya. Chokoleti na zabibu ni sumu kwake. Kadhalika zailitoli, utamu utiwao katika chingamu na peremende zisizo na sukari, na mara nyingine katika siagi ya karanga ya dukani, humshusha sukari ya damu ghafula.

Tunu hizi zisizidi sehemu moja ya kumi ya chakula cha siku. Umeme ukikatika na barafu ikayeyuka, imwagwe, isigandishwe tena.

Na mbwa aliyekwisha kupigwa na joto, anayepepesuka na kudondosha mate mazito, hahitaji barafu ya kulamba. Joto la mwili wake, ambalo kwa kawaida ni nyuzi 38 hadi 39, likipita 41 uhai wake umo hatarini. Amwagiwe maji ya kawaida mwili mzima, apepewe kivulini, na huku akimwagiwa mtu mwingine atafute chombo cha kumfikisha kwa daktari wa mifugo.