KUACHA POMBE: TAFUTA WENZAKO



Mtu akiumia kazini, wenzake humbeba mpaka dispansere bila kuuliza kosa ni la nani. Lakini mtu aliyeshindwa kuacha lotoko huchekwa na kuachwa peke yake. Huo nao ni ugonjwa, na sehemu kubwa ya dawa yake ni watu. Leo tunaeleza namna ya kuwapata watu hao huku Kasongo na Kabambare.

Mgonjwa ni nani?

Si kila anayekunywa malafu siku ya mapumziko. Mgonjwa ni yule aliyeapa mara nyingi kuacha akashindwa. Mikono yake hutetemeka asubuhi mpaka apate kikombe. Mshahara wake huishia kwa muuza lotoko, na watoto hukosa madaftari.

Kwanza, dispansere

Aliyezoea kunywa sana kila siku asikate pombe ghafla akiwa peke yake. Ni hatari. Kutetemeka na jasho huweza kuanza siku ile ile. Kifafa kinaweza kumshika ndani ya siku 2 za kwanza. Kati ya siku ya 2 na ya 4 wengine huchanganyikiwa na kuona vitu visivyokuwapo. Wasipotunzwa wanaweza kufa. Kwa hiyo bibi asimfungie mume ndani ili aache. Ampeleke kwa muuguzi. Ziko dawa za kutuliza mwili, na vitamini B1 ya kulinda ubongo. Mwenye kifafa au aliyechanganyikiwa apelekwe hospitali upesi.

Siku hizo ngumu ni chache. Hamu ya pombe ndiyo hubaki miezi na miaka, na hapo ndipo kikundi kinapohitajiwa.

Kikundi kilianzaje?

Mwezi wa 5 mwaka 1935, Mmarekani mmoja, Bill Wilson, alikuwa safarini katika mji wa Akron. Alikuwa na miezi kama 5 tu tangu aache pombe. Biashara iliyompeleka ikaharibika, na hamu ikamshika hotelini. Badala ya kuingia baa, alipiga simu kwa watu wa makanisa akitafuta mlevi mwingine wa kuzungumza naye. Mwishoni akakutanishwa na mganga mpasuaji, Daktari Bob Smith. Walizungumza saa nyingi. Tarehe 10 Juni 1935, siku Bob aliyokunywa kwa mara ya mwisho, huhesabiwa kuwa mwanzo wa Alcoholics Anonymous, ushirika ulioenea katika nchi nyingi. Mwaka 1951 jamaa za walevi walianzisha ushirika wao, Al-Anon.

Je, njia hii inasaidia? Mwaka 2020 wataalamu walikusanya uchunguzi 27, wenye watu zaidi ya 10,000. Walioongozwa kwa utaratibu mzuri kuingia katika njia hiyo walidumu bila pombe sawa na waliotibiwa kwa njia nyingine, au hata kuwazidi.

Utafute wapi?

1. Anza kwa muuguzi wa kampuni, kituo cha afya, au hospitali. Wewe wa Salamabila usingoje mpaka ufike Kasongo. Uliza kwanza karibu na kwako. Muuguzi anapaswa kutunza siri yako.

2. Nenda kwa padri, pasta au imamu. Waislamu na Wakimbangu wamekatazwa pombe, lakini usione haya kuuliza.

3. Uliza mjumbe wa wafanya kazi au mzee wa mtaa unayemwamini.

Kwa wote uliza neno hili moja: “Unamjua mtu aliyekuwa mlevi akaacha?” Bill naye alianza kwa kuuliza.

Kama hakuna kikundi?

Wawili wanatosha kuanza. Nanyi mnajua likelemba: siku imepangwa, kila mmoja anafika, kila mmoja anatoa sehemu yake. Kikundi hiki ni vivyo hivyo, ila kinachotolewa ni ukweli, si pesa. Chagueni mahali mbali na baa. Kutaneni kila juma, na msikose siku ya mshahara, maana ndiyo siku ya majaribu. Kila mmoja aseme habari zake mwenyewe, wengine wasikilize bila kumkata neno. Yanayosemwa ndani yabaki ndani. Aliyeanguka akanywa tena asifukuzwe. Yeye ndiye anayewahitaji zaidi. Nao bibi wa wagonjwa wakutane peke yao, kwa maana wamebeba mengi.

Jihadharini

Kikundi chema hakiuzi maombi wala dawa. Anayemfunga mgonjwa kamba, anayempiga, anayemnyima chakula, au anayemwambia aache dawa za kifua kikuu au za hospitali, huyo haponyi. Mwondoeni mgonjwa hapo na kumrudisha kwa muuguzi.

Wandugu, kidole kimoja hakivunji chawa. Wewe uliyekwisha acha pombe, usifiche ushindi wako. Mwambie muuguzi kwamba uko tayari kuitwa, kwa sababu kesho jirani atakuja kuuliza lile neno moja, na lazima liwepo jina la kumpa.