Tulienda kula nyama choma, pesa zetu zikaenda duka la vipuri

Februari Nairobi ni jua tu. Jumamosi moja ya mwezi huo tulikuwa sita kutoka ofisini, tumeenda tamasha la nyama choma kwenye viwanja kando ya Barabara ya Lang'ata. Moshi ulikuwa umetanda kila upande, mziki juu, na kivuli kilichokuwepo kilikuwa na wenyewe tangu asubuhi.

Kama umewahi kula choma kwa umati unajua utaratibu. Unachagua nyama ikiwa mbichi, inapimwa, unalipa, halafu unasubiri karibu saa nzima. (Kilo uliyolipia si kilo utakayokula. Moto nao hula sehemu yake.) Kwa hivyo pesa zinatoka kabla hata mkaa haujashika, na hapo ndipo tulipoangukia.

Mwenzetu mmoja aliagiza mbuzi kilo mbili, Sh2,400. Namba ya till ilikuwa imeandikwa kwa kalamu kwenye kipande cha katoni, mafuta yameipaka, na 1 ilikuwa inafanana na 7. Simu yake ilikuwa imeshika joto hadi mwanga wa skrini ukapungua wenyewe, jambo ambalo simu nyingi hufanya ili zisiharibike. Jasho kwa vidole, watu nyuma wanasema "songa basi!" Akaweka namba, akaweka PIN, akamaliza.

"Madam, kwangu haijaingia," mchomaji akasema.

Tukafungua ujumbe. Pesa zilikuwa zimepokelewa na duka la vipuri vya magari. Jina lile lilikuwa limetokea kwenye skrini kabla ya PIN, likingoja kusomwa. Hakulisoma. Na huyu ni mtu ambaye kila wiki huwaambia wateja wetu wasome jina kwanza! Kwenye akaunti alibakiwa na Sh300, na hizo 2,400 ndizo zilikuwa za nauli na chakula cha nyumbani hadi mwisho wa mwezi.

Mchomaji hakuwa na kosa, na alikataa kutoa nyama. Tunamuunga mkono. Tulichanga tukamlipa, safari hii mmoja anataja namba kwa sauti na mchomaji anaitikia tarakimu moja moja, kisha jina.

Mwenzetu alipiga simu huduma kwa wateja papo hapo, akiwa na ile namba ya muamala iliyo kwenye ujumbe. Wengi hutuuliza, mbona msizirudishe tu mara moja? Hebu fikiria ingekuwa hivyo. Mtu angekula mbuzi wake, apanguse mdomo, halafu apige simu aseme alikosea namba. Ndiyo maana lazima aliyepokea aulizwe kwanza. Mwenye vipuri alikuwa bado hajagusa pesa, akakubali, na zikarudi Jumatatu jioni. Angekuwa ameshazitoa, tungekuwa bado tunazungumza naye.

Kitu kingine tulikiona kwa mama aliyekuwa anauza juisi ya miwa. Kijana alimwonyesha skrini ya simu: "Mama, nimelipa, ona." Mama hata hakuinua macho. "Ngoja yangu ilie." Dakika tatu, nne, kijana akaanza kulalamika, kisha simu ya mama ikalia na akapewa glasi yake. Pengine alikuwa mkweli muda wote. Maelfu ya watu wakiwa uwanja mmoja mtandao hulemewa na ujumbe huchelewa. Lakini ujumbe wa kutungwa unafanana sana na wa kweli, na muuzaji hana njia ya kuutambua kwa kuangalia simu ya mwingine. Ukiwa unauza, simu yako ndiyo shahidi wako.

Na ukiwa wewe ndiye mnunuzi na ujumbe hauji, usilipe tena kwa hasira. Angalia salio kwanza. Kama limepungua, pesa zimetoka, subiri. Programu ikikataa kwa sababu bando limezama, tumia njia ya kubonyeza nyota na namba, hiyo haihitaji intaneti. Kwa wa M-Pesa ni *334#.

Halafu usiache simu mezani kwenye jua. Mmoja wetu ilimzimika saa tisa na nauli yake yote ilikuwa humo ndani. Tungekuwa tumebeba hata noti ya mia mbili kila mtu, tusingeanza kuhesabiana viti vya matatu.

Mbuzi wetu alifika saa kumi kasorobo, mlaini, chumvi sawasawa. Kachumbari ilikuwa imeisha.